Kikohozi cha Jukwaani

Tulipokuwa kidato cha tatu tuliigiza Kilio Chetu mbele ya shule nzima, na mimi nilipewa kazi ya kumfundisha mtu kukohoa. Sikuwa mwigizaji. Nilikuwa nashika kitabu pembeni ya jukwaa, anayesahau maneno nimnong'oneze. Lakini mvulana aliyeigiza Joti alikuwa na kikohozi cha uongo, kile cha mwanafunzi anayetafuta ruhusa ya kutoka darasani. Mwalimu wa Kiswahili akaniambia nimwelekeze, kwa kuwa alijua nyumbani kwetu kuna bibi anayekohoa usiku kucha. Nikamwelekeza. Kinaanzia chini, nikamwambia. Mkono utangulie kifuani kabla ya sauti. Kikiisha, tulia kidogo kama mtu anayesikiliza iwapo kuna kingine kinakuja. Siku ya onyesho ukumbi mzima ulinyamaza alipokohoa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa huyu ana nini, wala mwisho wake ni upi.

Miaka miwili baadaye nilikohoa hivyohivyo mbele ya daktari aliyekuwa ananijazia fomu ya afya ya kujiunga na chuo cha uuguzi. Fomu ilikuwa na kurasa mbili: macho, masikio, shinikizo la damu, mkojo, picha ya kifua. Alikuwa amefika kwenye masikio. Akaweka kalamu chini, akaniuliza nimekohoa kwa muda gani, kama usiku natokwa jasho, kama nimepungua uzito. Nilijibu ndiyo kwa yote matatu, kwa adabu, kama mtu aliye kwenye usaili. Makohozi yalikwenda maabara na jibu likarudi kesho yake: kifua kikuu, cha aina inayosikia dawa za kawaida. Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya siku 19.

Nilipona. Nalisema mapema ili msomaji asiendelee kwa wasiwasi, na pia kwa sababu kupona kwangu si habari ya makala haya. Ninachotaka kuzungumzia ni vitabu. Katika siku zile 19, na katika miezi sita ya dawa iliyofuata, nilisoma kwa njaa ambayo sikuwahi kuwa nayo hata wakati wa mtihani, na nilikuwa natafuta mtu mmoja tu: mtu anayemeza dawa asubuhi na kuwagawia wengine dawa mchana. Nilitaka kumwona kwenye ukurasa, nijue anatembeaje.

Nilianza na nilivyokuwa navyo, yaani vitabu vya shule. Aliyesoma sekondari Tanzania anajua tunavyofundishwa kuvisoma. Unakipasua kitabu vipande viwili, fani huku, maudhui kule. Kwenye maudhui unachota dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa. Kisha unakariri hoja tatu kwa kila kitabu, maana mtihani utataka hoja tatu kwa kila kitabu. Kwa tamthiliya zetu mbili za UKIMWI ujumbe ulikuwa tayari kabla hatujafungua jalada. Kilio Chetu: wazazi wawape watoto elimu ya jinsia. Orodha: uwazi na ukweli vinaokoa. Nilipata alama nzuri.

Niliposoma tena Kilio Chetu, nikiwa na kadi ya matibabu ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa, jambo la kwanza kuliona lilikuwa jalada. Hakuna jina la mtu. Mwandishi ni taasisi, Medical Aid Foundation, na tamthiliya yenyewe ni ya katikati ya miaka ya 1990. Kwa mhakiki hilo si jambo dogo. Taasisi inayopambana na maradhi inapoandika tamthiliya, inamwandikia mtu ambaye bado hajaugua. Ndiyo maana mizani yake imenyooka vile: Mama Suzi anamweleza mwanawe ukweli na Suzi anasalimika, Mama Anna anaona aibu na Anna anaangamia pamoja na Joti. Kila mgonjwa mle ndani ni adhabu ya kosa la mzee fulani. Wakati ule, tuwe waadilifu, kifo kilikuwa ndiyo habari yenyewe. Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure nchini kuanzia mwaka 2004. Mwandishi wa miaka ya 1990 aliyemuua mgonjwa wake alikuwa anasema kweli.

Orodha ya Steve Reynolds ilitoka mwaka 2006, na kwa ufundi iko juu zaidi. Furaha, msichana mdogo, amekufa kwa UKIMWI. Ameacha barua yenye orodha, na wanaume wa kijijini wanatetemeka kwa kudhani ni orodha ya majina yao. Siyo. Ni orodha ya vitu ambavyo vingeweza kumwokoa. Mpaka leo naona huo ndio mtego mzuri kuliko yote katika tamthiliya tulizosomeshwa, kwa sababu unamnasa pia mtazamaji: na wewe ulikuwa umekaa pale ukingoja majina. Lakini safari hii nilijiuliza swali ambalo halikuwa kwenye hoja tatu. Furaha anapata lini sauti yake kamili? Anaipata akishazikwa. Mgonjwa anaruhusiwa kuwa na hekima kwa sharti kwamba hayupo tena kuitumia.

Darasani kwetu tulikuwa 74. Nyuma yangu alikaa msichana ambaye kila saa mbili usiku, wakati wa kujisomea, alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Tulimtania kwamba ana kibofu cha mtoto. Baada ya kidato cha nne, akishasikia habari zangu, alinipigia simu akaniambia alikuwa anakwenda kumeza dawa. Alizaliwa na virusi. Nikamuuliza alijibuje swali la Orodha kwenye mtihani. Akacheka. "Nilijibu kama nawazungumzia watu wengine," alisema. "Walimu walikuwa wananiambia nina hoja kali."

Hapo ndipo ugomvi wangu na tamthiliya hizi ulipo, na si kwamba zina mafunzo. Mimi napenda mafunzo. Ni kwamba zilisambazwa darasa baada ya darasa, miaka nenda miaka rudi, kwa kuamini kwamba wote waliokaa kwenye viti ni wazima, na mgonjwa yuko jukwaani tu. Yule msichana alikuwa na kiti. Na mimi, nikimfundisha mvulana kukohoa kikohozi cha bibi yangu, nilikuwa na kiti.

Bibi hakuwahi kupimwa makohozi. Nyumbani tulisema "kifua kinamsumbua," akapewa asali na majani ya mpera, akafa mvua za masika. Sasa najua, kwa sababu nimefundishwa, kwamba vijidudu vya kifua kikuu vinaweza kulala mwilini kwa miaka kabla ya kuamka, na kwamba vinapita hewani, katika chumba ambacho madirisha yamefungwa kwa kuogopa baridi. Nililala chumba kimoja naye tangu darasa la tano. Lakini sisi wa nyumba ile tulikuwa tumefundishwa kusoma kikohozi kwa namna moja. Kikohozi kilikuwa UKIMWI, UKIMWI ulikuwa aibu, na bibi alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake. Kwa hiyo hakuwa anakohoa, kifua kilikuwa kinamsumbua.

Susan Sontag, mwandishi wa Marekani, angeelewa hesabu hiyo haraka. Kitabu chake cha mwaka 1978, Illness as Metaphor, kinahusu maradhi mawili, kifua kikuu na saratani, na kinadai jambo moja: kwamba ugonjwa si sitiari, na njia yenye afya zaidi ya kuugua ni kuuvua ugonjwa mafumbo yote tuliyouvika. Niliupata kwenye simu ya kaka yangu na kuusoma kwa shida, Kiingereza chake kikiwa kigumu na kamusi ikiwa pembeni. Anaonyesha jinsi Ulaya ya karne ya 19 ilivyokigeuza kifua kikuu kuwa ugonjwa wa watu wenye hisia nyingi, wembamba na weupe wake vikawa mtindo. Nilicheka peke yangu hapo, kwa sababu wiki ya kwanza chuoni msichana mmoja wa bweni alinitazama kiuno, akaniuliza nafanya dayati gani.

Kwetu sitiari ni nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Kagera waliuita ugonjwa mpya Juliana, jina la nguo ya fasheni iliyoingia kwa biashara ya mpakani. Baadaye mtu akawa amekanyaga miwaya, au ana ngoma. Sontag alishughulika sana na lugha ya vita, uvamizi na ulinzi. Misimu yetu ina bidhaa, umeme na dansi, na nadhani ina ukatili wa aina yake, kwa sababu inachekesha. Kifua kikuu chenyewe hakina misimu mingi. Hakihitaji, kwa kuwa kimeazima ile ya UKIMWI. Mtaani kwetu hakuna aliyesema nina kifua kikuu. Walisema "si unajua tena," na kunyamaza, na ukimya huo ulikuwa umejaa mambo yote tuliyoigiza ukumbini.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana kuna sentensi moja katika makala haya nimeiandika na kuifuta mara nne. Kila mgonjwa wa kifua kikuu hupimwa VVU pia. Mimi nilipimwa. Mara nne nimeliandika jibu langu, na kila nikilisoma naona ninachokifanya: namwomba msomaji anihamishie upande wa pili, mbali na yule msichana wa saa mbili usiku. Kwa hiyo silitaji. Atakayeona anahitaji kulijua kabla ya kuendelea, ajiulize anataka kulifanyia nini.

Niliendelea kutafuta. Rafiki aliyekuwa anasoma fasihi chuo kikuu alinitumia hadithi ndefu ya Anton Chekhov, ile ya mwaka 1892 iitwayo kwa Kiingereza Ward No. 6, akaniambia, "Huyu alikuwa daktari na alikuwa na ugonjwa wako." Ni kweli, na tarehe zake zinauma. Robert Koch alitangaza kukigundua kijidudu cha kifua kikuu tarehe 24 Machi 1882. Chekhov alimaliza masomo ya udaktari Moscow mwaka 1884, na mwishoni mwa mwaka huohuo alitema damu kwa mara ya kwanza. Alijua. Haiwezekani daktari kijana wa miaka ile awe hakujua. Hata hivyo kwa miaka zaidi ya 12 hakukubali kupimwa ipasavyo. Machi 1897 damu ilimtoka mezani, kwenye mkahawa mmoja wa Moscow, akalazwa, na ugonjwa ukapewa jina mbele yake. Alifariki mwaka 1904, akiwa na miaka 44.

Hadithi yenyewe inamhusu Daktari Ragin, mkuu wa hospitali ya mji mdogo wa Urusi. Si katili. Ni msomaji mkubwa, mvivu kidogo, aliyekwishakata tamaa ya kuisafisha hospitali yake. Katika wodi ya wagonjwa wa akili, ambayo mlinzi wake Nikita anawapiga watu ngumi, anamkuta mgonjwa mmoja msomi, Gromov, na wanaanza kujadiliana. Ragin anamwambia kwamba maumivu ni suala la fikra. Mwenye hekima anaweza kuwa na amani popote, hata mle wodini. Gromov anamjibu kwamba huyo ni mtu ambaye hajawahi kuchapwa. Mazungumzo yanaendelea, mji unaanza kunong'ona kwamba daktari mwenyewe ana kasoro, na mwishowe Ragin anafungiwa katika wodi ileile. Anavalishwa joho la wagonjwa. Anataka kutoka, Nikita anampiga. Usiku ule ndipo anapofahamu kwamba maumivu haya watu hawa wameyabeba kila siku, kwa miaka 20, huku yeye akipita na daftari lake. Kesho yake anakufa.

Niliisoma mara mbili katika usiku mmoja, na nilipoimaliza mara ya pili nilikuwa na hasira. Nimechukua muda kuelewa hasira hiyo. Hadithi ni kubwa. Sijasoma maandishi mengine yanayoonyesha vizuri vile namna elimu inavyoweza kuwa pazia kati ya mtoa huduma na mtu aliyelala kitandani. Kila mkufunzi wa uuguzi angepaswa kuisoma kwa sauti darasani. Lakini tazama anachokifanya Chekhov na maarifa ya Ragin. Anampa kwa usiku mmoja tu. Daktari aliyejua jinsi wodi inavyonuka ukiwa umelala chini hapati hata asubuhi moja ya kurudi kazini akiwa anajua. Naye Chekhov mwenyewe alikuwa na asubuhi nyingi za namna hiyo! Alitibu wakulima wa Melikhovo, alihangaika na hatari ya kipindupindu mwaka ule ule wa 1892, akikohoa. Aliyaishi maisha niliyokuwa nayatafuta, na akaandika hadithi ambayo haina nafasi kwa maisha hayo.

Unaona, basi, kwamba nilikuwa nimerudi kwa Furaha. Kwenye tamthiliya ya shule na kwenye kazi ya fundi mkubwa wa Urusi, mgonjwa anapata ujuzi na papo hapo anaondolewa. Maandishi ya maradhi yanaishia mapema mno.

Kipo kinyume chake, na kinyume hicho tunakijua sana: ushuhuda. Sisemi wa kanisani peke yake. Ni ule wa semina, wa siku ya mahafali, wa video ya dakika tatu. Nilikuwa hivi, sasa niko hivi, makofi. Mwaka wangu wa pili chuoni niliombwa kutoa ushuhuda Siku ya Kifua Kikuu Duniani, na aliyeniomba alikuwa mkufunzi yuleyule aliyenishauri, siku ya kwanza nilipofika na barua ya daktari inayosema naweza kuchanganyika na wenzangu, niahirishe mwaka "ili nisijisumbue." Sikuahirisha. Nilipewa chumba changu peke yangu, stoo ya magodoro, nikalala humo miezi miwili ingawa barua haikutaka hivyo. Sasa alitaka nisimame mbele ya watu niseme nilipona. Nikamuuliza kama naweza kueleza pia kuhusu stoo. Akasema dakika tano hazitoshi.

Sontag ana jambo la kusema hapa pia, na ni hapa ninapoachana naye. Alipoandika kitabu cha 1978 alikuwa mgonjwa wa saratani. Hakulitaja hilo mle ndani hata mara moja. Mwaka 1989, katika AIDS and Its Metaphors, alieleza sababu: hakuona kwamba simulizi moja zaidi ya nafsi ya kwanza, ya mtu aliyejua ana saratani, akalia, akapambana, ingekuwa na manufaa. Aliona wazo lina manufaa zaidi. Namwelewa. Kwa ushuhuda wa dakika tano yuko sahihi kabisa, machozi yangu hayamfundishi mtu kitu. (Ingawa siwezi kuacha kuona kwamba kitabu chake kinachopinga sitiari kinaanza na sitiari, ile ya kila mtu kuzaliwa na uraia wa nchi mbili, ya wazima na ya wagonjwa. Ni sitiari nzuri. Ila ya kwangu ilihitaji pasipoti zote mbili kwa siku moja, kabla ya saa sita mchana.)

Lakini nafsi ya kwanza haina machozi tu. Ina taarifa pia. Kitabu chetu cha famakolojia kina mstari mmoja kuhusu rifampisini kubadilisha rangi ya mkojo, na mstari huo ni sahihi. Haukusema kwamba utaiona rangi hiyo ya chungwa alfajiri, kwenye choo cha shimo chenye mwanga hafifu, na utadhani ni damu, na hutamwambia mtu. Haukusema kwamba jasho nalo linaweza kuipaka kola ya sare nyeupe. Nilikuwa na kilo 46, kwa hiyo dozi yangu ilikuwa vidonge vitatu kila siku, dawa nne zimeunganishwa ndani ya kila kidonge, kabla ya uji. Wiki ya tatu njaa ilinirudia kwa fujo, nikawa naota wali. Mwezi wa pili kikohozi kilikwisha. Mwezi wa tatu nilikuwa mzima, yaani mwili wangu uliniambia hivyo kwa sauti kubwa kuliko muuguzi yeyote, na vidonge viliendelea kunitazama mezani kila asubuhi kama deni la mtu mwingine.

Huo mwezi wa tatu ndio ninaotaka kuwauliza waandishi. Ndiko watu wanakopotelea. Mgonjwa anajisikia nafuu, nauli ya kituo cha afya inauma, anaacha. Vijidudu vilivyobaki vinajifunza dawa, na ugonjwa unarudi ukiwa sugu. Hakuna jukwaa linaloweza kuonyesha mwezi wa tatu, kwa sababu hakuna kinachotokea. Hakuna kikohozi. Kuna mtu mwenye afya na kidonge. Maandishi yanayoruka kutoka jibu la maabara hadi kaburini, au kutoka jibu la maabara hadi makofi, yanaruka mahali hasa penye hatari.

Nimesoma wachache waliokaribia. Riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja, ya mwaka 2004, inawapa wenye VVU nafasi ya kuishi na kuwaza kurasa kwa kurasa, na kwa hilo inastahili kusomwa kuliko inavyosomwa. John Green, Mmarekani, katika Everything Is Tuberculosis ya mwaka 2025, anamfuata kijana wa Sierra Leone, Henry Reider, mwenye kifua kikuu sugu, na anakaa naye kwa muda mrefu kwenye ile sehemu ya kungoja dawa ambayo ipo duniani lakini haipo wodini kwake. Ni kitabu cha mtu mzima anayeandika kuhusu rafiki yake mgonjwa, na hakijifanyi kuwa kingine. Nilikipenda. Bado nilikuwa nataka upande wa pili wa kitanda.

Aliyenishangaza kuliko wote hakuwa mwandishi wa fasihi. Mkufunzi wetu wa afya ya jamii alitaja kwa kupita tu jina la Karel Styblo, daktari wa Chekoslovakia, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi na mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Utaratibu uliojengwa Tanzania, wa kusimamia dawa, kumsajili kila mgonjwa, na kufuatilia kila kundi la robo mwaka hadi ijulikane nani amepona, nani amekufa na nani ametoroka, ndio ulioenea duniani miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Nikamtafuta usiku ule kwenye simu. Alikuwa ameupata kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita akaugeuza ugonjwa huo kuwa kazi yake.

Nikaitoa kadi yangu nikaisoma kama nilivyofundishwa kusoma kitabu. Haina mhusika, haina mgogoro. Ina visanduku, kimoja kwa kila siku, na kila kisanduku kinamngoja mtu atie alama kwamba leo pia amemeza. Hesabu ya Styblo haina "mimi" popote. Lakini mtu aliyeunda utaratibu unaohesabu siku hizo zote alikuwa amewahi kuumwa, na kwangu visanduku vile vya mwezi wa tatu, vilivyojaa alama zilezile, ndivyo vilivyokuwa karibu zaidi na kitabu nilichokuwa nakitafuta. Sisemi kadi ni fasihi. Nasema fasihi yetu ilikuwa imewaachia makarani sehemu hiyo.

Wakati naandika haya niko mwaka wa mwisho, mafunzo ya vitendo, na wiki mbili zilizopita nilikuwa zamu ya kliniki ya kifua kikuu. Alikuja mzee mmoja, mkulima wa katani zamani, mwezi wa tatu wa dawa, amenenepa vizuri. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Akasema anaona sasa inatosha, amepona, na isitoshe dawa hizi zinamkojoza rangi mbaya.

"Ya chungwa, baba," nikamwambia. "Hasa asubuhi."

Akaniangalia. "Nesi, wewe umejuaje ya asubuhi?"

Sista wa zamu alikuwa meza ya pili, anajaza rejista. Kulikuwa na watu sita kwenye benchi. Nilikuwa na sekunde mbili za kusema kwamba tumefundishwa darasani, na ningekuwa sijadanganya.

"Nilimeza miezi sita," nikasema.

Benchi likanyamaza, ukimya ule ule wa ukumbini. Yule mzee hakunyamaza. Akanisogelea kidogo, akauliza kwa sauti ya mtu anayelinganisha bei za mbolea, nilikuwa napewa vingapi.

"Vitatu."

"Mimi wananipa vinne," akasema, na sikosei nikisema aliona fahari. Akainua kadi yake akaiweka mbele yangu. "Basi ulikuwa umekonda sana, mwanangu. Haya, tia alama hapo."